Winga Aliyepewa Maikrofoni

Wepukhulu aliandikwa kazi Eldoret kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Mkubwa wa kiwanda cha magome ya miwati ya kulainishia ngozi, Mzungu aliyependa kandanda kuliko kanisa, alimwona akicheza Kimilili mara tu baada ya vita vya Hitla. Akamwita pembeni na kumuuliza kama anajua kusoma.

"Kidogo, Bwana."

"Inatosha."

Kwa jina alikuwa karani wa stoo. Kazi yenyewe ilikuwa Jumamosi jioni, uwanjani, akicheza winga wa kushoto, na siku nyingine mnyapara alimwambia, "Wewe kaa tu, usije ukaangukiwa na gunia." Alipewa chumba kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa kampuni, akamleta mkewe Nekoye, na humo wakampata binti yao, Nelima. Mji ulimjua. Kina mama wa sokoni walimwongezea nyanya, na hata makarani wa posta, watu wa tai na kiburi, walimpa mkono.

Nelima alikuwa anaanza kusema maneno marefu alipopatwa na surua. Wiki hiyo timu ilikuwa inakwenda Kisumu kucheza nusu fainali ya kombe. Wepukhulu alimwendea mkubwa, kofia mkononi, akaomba abaki.

"Mtoto ana mama," mkubwa alisema. "Timu haina winga mwingine."

Akapanda treni. Kisumu walishinda, na bao la pili lilikuwa lake. Treni iliporudi Eldoret, kwenye steshini hakumwona Nekoye. Alimwona Tryphosa, jirani yao, amejifunga leso kiunoni, amesimama mbali na watu waliokuja kushangilia.

"Shemeji," Tryphosa alisema, "tulimzika jana. Hatungeweza kungoja."

"Wapi?"

"Kule ng'ambo ya mto Sosiani, kwa makaburi ya watu weusi."

Wepukhulu aliinua mfuko wake wa nguo, akauweka begani, akatembea. Watu walimsifu baadaye kwamba ni mwanamume kweli, hakulia hata mbele ya mkewe. Yeye mwenyewe hakujua walichokuwa wanasifu. Aliyatafuta machozi kama mtu anavyopapasa mfuko wa koti, akakuta mfuko mtupu. Hakumuuliza Nekoye mtoto alikufaje, na Nekoye, akiona haulizwi, hakusema.

Aliendelea kucheza, tena vizuri kuliko zamani. Akifunga bao wenzake walimrukia, naye alisimama katikati yao kama mtu aliyenyeshewa njiani, hana pa kujisitiri, anangoja mvua ipite. "Cheka basi, ndugu yangu!" Kimeli, kapteni wao, alimwambia mara nyingi. Wepukhulu alicheka, kwa kuwa ameambiwa.

Msimu wa tatu baada ya msiba goti lilivunjika. Beki wa Nakuru alimwingia kwa upande, na mlio ukasikika mpaka kwa golikipa, kama ukuni mkavu unaovunjwa kwa goti. Kimeli alimbeba mgongoni mpaka kivulini. "Pole, pole sana," alikuwa anasema, jasho na machozi yamechanganyika usoni, na Wepukhulu aliyaangalia machozi hayo akiona ajabu kwamba mtu mwingine ndiye anayelia.

Kampuni ilimvumilia kwa muda, halafu stoo ikaonekana haina kazi. Waliondoka landhi, wakapanga chumba cha udongo pembeni mwa mji. Nekoye akachemsha mahindi na kuyauza kando ya barabara. Wepukhulu alipata kazi ya kufagia ukumbi wa Waafrika na kuwasha redio kila jioni, kipaza sauti kikiwa juu ya mlingoti ili watu walio nje nao wasikie habari za Nairobi.

Ndipo siku moja akaja Elphas, mtangazaji kutoka Nairobi, na nyaya za simu na mafundi wawili, kutangaza mechi moja kwa moja kutoka uwanja wa Eldoret. Jezi hazikuwa na namba, na Elphas hakumjua mchezaji hata mmoja. Akauliza nani anawajua, akaletewa Wepukhulu anayechechemea.

"Kaa hapa, ninong'onezee majina."

Akanong'ona. Lakini mpira ulikwenda kasi kuliko minong'ono, na kabla ya mapumziko Elphas alikuwa ameshatangaza golikipa akipiga krosi. Akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Mzee, sema mwenyewe. Mimi nimepotea."

Wepukhulu akasema. Hakupaza sauti, hakusifu, hakulaani. Alisema nani ana mpira, nani anamkabili, nafasi iko wapi na kwa nini haitatumiwa. Bao likaingia, akasema limeingia. Elphas alimwangalia kama mtu aliyeokota shilingi. Wiki iliyofuata Nairobi walipiga simu ukumbini: mechi zote za pande hizi atatangaza yeye.

Jina lake likavuma upya. "Wengine wanatupigia kelele," watu walisema, "lakini huyu ukimsikiliza unaona." Walidhani ni ustadi. Yeye alijua kwamba anasema hivyo kwa sababu hakuna kitu ndani kinachompandisha sauti.

Jumamosi moja, Nyongesa, winga mpya wa Eldoret, aliingiwa kwa upande. Wepukhulu akatangaza kwa sauti ileile: "Nyongesa yuko chini. Ni goti. Hajasikia maumivu bado. Anaangalia mguu wake anashangaa kwa nini hauinuki. Wenzake wanamwambia pole, na yeye anasikia sauti zao kama za watu walio ng'ambo ya mto. Anataka kuuliza nani anashinda." Ukumbini, ambako Nekoye alikuwa amesimama na karai lake la mahindi kati ya wasikilizaji, watu waliacha kutafuna.

Kesho yake, walipotoka kanisani, Nekoye alimpa chai, akaketi mbele yake.

"Baba Nelima, jana ulikuwa unamsema nani?"

"Nyongesa."

"Nyongesa gani? Mimi nimekaa na wewe miaka yote hii nikijua umeniachia msiba peke yangu." Akapangusa meza isiyo na uchafu. "Nikuambie siku ile ya Nelima ilikuwaje?"

Chai ilitoa mvuke. Wepukhulu akasema, "Niambie."

Nekoye akamwambia. Jinsi macho yalivyovimba, mtoto akaomba dirisha lifungwe. Jinsi alivyotaka uji, akaukataa. Jinsi Tryphosa alivyokimbilia hospitali, na Nelima akawa anauliza kama treni imefika. Alisema yote, kwa utaratibu, bila kupaza sauti, na Wepukhulu alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Aliuliza treni mara ngapi?" akasema mwishowe.

"Nyingi."

Akatikisa kichwa. Alinyoosha mkono juu ya meza, Nekoye akaushika, nao ulikuwa baridi kama mkono wa mtu aliyetoka mtoni. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha wakavaa viatu, wakashuka pamoja kuelekea Sosiani, yeye akichechemea nyuma kidogo, kwa kuwa Nekoye ndiye aliyejua kaburi liko wapi.