Turubai Niliyoilegeza Juu ya Hema la Mama

Kosa ni langu, na nimechoka kulibeba. Mama yangu hatembei tena kwa sababu yangu. Ndugu zangu wanaamini ni upepo uliomfanya hivyo. Si upepo, jamani. Ni mimi!

Kwetu ni Kanyangi, Kitui. Ukuta wa nyumba ya mama ulipasuka, tukaibomoa yote ili fundi ajenge upya. Mama akakataa kwenda kukaa kwa dada yangu Mumbua, aliyeolewa Nunguni. "Kuku wangu nimuachie nani?" akauliza. Basi nikanunua hema la mtumba kule Mtito Andei, nilikokuwa nikifanya kazi hotelini, nikaja nyumbani kumsimamishia uani.

Hema lenyewe lilikuwa limezeeka, linavuja kwenye mishono. Ilibidi nifunge turubai juu yake. Mama alisimama kando akinielekeza.

"Iinamishe sana, maji iteremke iende," akasema. "Ukimaliza chukua punda uniletee maji kabla hujarudi kazi."

Woi! Maji ya kwetu mnayajua? Mto umekauka, unashuka nao mpaka mbali, unachimba mchanga, unangoja yajikusanye kikombe kwa kikombe. Nilikuwa nimechoka, na nikisema ukweli wangu, nilikuwa mvivu. Nikatazama mawingu, nikapata akili ya kijinga. Badala ya kuinamisha turubai, niliilegeza katikati kama karai, ukingo mmoja nikauelekeza kwenye pipa. Mvua ikija, pipa lijijaze lenyewe! Kwetu Ukambani mtu akiona maji ya mvua yakipotea moyo unamuuma, nami nilijiona mjanja kuliko wote.

"Hapo umeharibu," mama akasema.

"Mwaitu, wewe tulia tu," nikamjibu. Ndivyo sisi tunavyomwita mama. "Maji itakufuata hapa hapa."

Nikaondoka bila kumtekea hata mtungi mmoja. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, akavunjika mama.

Kesho yake mchana nilikuwa hotelini nikiondoa sahani mezani, simu ikalia. Nilisikia mvua kabla sijamsikia mama.

"Mwanangu, hii turubai imejaa maji. Imeshuka mpaka inagusa hema. Nifungue kamba?"

Mnajua nilimuuliza nini? Sikumuuliza kama yuko salama. Nilimuuliza, "Pipa imejaa?"

"Bado. Iko nusu."

"Basi usifungue, mwaitu! Utamwaga maji yote bure. Kaa tu ndani, ngoja ijae."

"Sawa," akasema.

Sawa! Neno hilo halijanitoka masikioni hadi leo.

Nguzo ziling'oka. Turubai na maji yake yote, uzito wa ng'ombe mzima, vikamwangukia akiwa amekaa kitandani. Jirani alimtoa kwenye matope, mama akilia, nyonga imevunjika. Nilipofika nyumbani kuchukua nguo zake, pipa lilikuwa bado limesimama palepale, maji nusu.

Hospitalini Mumbua akauliza ilikuwaje. Mama alinitazama, mtazamo mrefu, kisha akamwambia, "Ni upepo, Mumbua. Upepo ilikuwa kali." Akafumba macho. Nami nikakubali kwa kichwa, muoga mimi! Tangu siku hiyo hajanitajia ile simu hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Niliacha kazi, nikarudi nyumbani kumtunza. Nyumba mpya ilimalizika, lakini mama aliingizwa ndani akiwa amebebwa. Kila asubuhi namfunga punda mitungi, nateremka mtoni, nachimba mchanga. Ni safari ileile niliyoikwepa, na sasa haina mwisho.

Kinachoniumiza zaidi ni sifa. Kanisani mchungaji aliniinua nisimame, akawaambia vijana waige mfano wangu. Watu wakapiga makofi. Mumbua hunipigia simu akilia, eti Mungu anibariki kwa kumtunza mama. Natamani ardhi inimeze.

Juzi mvua ilinyesha. Mama akaniita kutoka kitandani, "Weka pipa nje, mwanangu, maji isipotee." Niliweka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka nguo zikalowana.

Jumamosi Mumbua anakuja. Nataka kumwambia, na naogopa. Nimeanza na nyinyi msionijua, nione kama mdomo utafunguka.

Wenzangu, mkifunga turubai juu ya hema, kazeni kamba, iinamisheni, maji yaende zake hata kama ni kiangazi cha kuua. Na mama yako akikupigia simu mvua ikinyesha, akuulize kama afungue kamba, nakuomba, mwambie afungue.