Bugali Bila Mboga

Sogeeni karibu, maana hasira hii haisikilizwi kutoka mbali.

Maman Cibalonza wa Nyalukemba alikuwa mupishi wa Madame Gisèle, mwalimu kutoka kisiwa cha Réunion. Mwalimu huyo alikuwa akisema nyama inashibisha tu, vyakula vya pembeni ndivyo vinavyoita watu mezani. Alimufundisha rugai: nyanya mbichi, kitunguu, tangawizi na pilipili, vyote vinapondwa pamoja. Akamufundisha na bredi, mboga ya majani. Cibalonza alipoionja akacheka: "Madame, hii ni lengalenga yetu, umeitia tu kitunguu saumu." Nyuma ya nyumba wakalima bustani moja, ikawalisha wao na watoto wa Cibalonza.

Vita vya 1998 vikamuondoa Madame. Siku ya kuondoka alisema: "Nyumba wataichukua. Bustani ni yako."

Nyumba wakaichukua kweli. Komanda Firmin aliingia na askari wake, akamuambia Cibalonza aendelee kupika. Akaendelea, kwa ajili ya bustani, maana watoto wake walikula kutoka mule. Na yule mutu, nasema kwa uchungu, aliipenda rugai mpaka analamba vidole.

Jumapili moja Cibalonza alitoka misani akakuta kamiyo ya askari imesimama katikati ya bustani. Nyanya zimekuwa tope. Lengalenga zimelala chini ya matairi.

"Nani amewaambia muweke hapa?"

"Maman, ni majani tu," dereva akajibu. "Chakula ya mbuzi."

"Mbuzi ingekula. Wewe umekanyaga tu."

Sikieni hilo neno. Majani tu!

Mchana huo komanda alikuwa na wageni, kati yao muzee Mushagalusa, chef wa mtaa. Juma zima komanda alikuwa amejisifu kwamba watakula vitu vya kisiwani. Cibalonza akaleta bugali, mweupe, wa moto. Akauweka mezani peke yake, akasimama.

Kwetu Bushi, ukimuwekea mutu bugali bila kitu cha kuchovya, umemuambia: kwangu wewe si mutu. Hata mujane asiye na kitu anatafuta chumvi na pilipili. Muzee Mushagalusa aliona, akaficha mikono chini ya meza.

"Maman," komanda akasema, "rugai iko wapi?"

"Iko chini ya kamiyo yako."

"Na bredi?"

"Tazama kwa tairi ya nyuma."

Mugeni mumoja akashindwa kuzuia kicheko. Komanda akasimama, mukono kwenye bastola.

"Unajua unamutukana nani?"

"Najua. Mutu anakula mboga yangu kwa mukono, anaiua kwa muguu."

Mushagalusa akasema polepole, kama anayeongea na mutoto: "Komanda, ukimugusa huyu, kesho hakuna maman wa soko atakuuzia hata majani ya sombe. Wewe na askari yako mutakula risasi zenu."

Komanda aliwatazama wageni mumoja mumoja. Kisha akapaza sauti dirishani: "Toeni ile kamiyo."

Ikatoka, ikaacha mafuta meusi na udongo mugumu kama barabara.

Munadhani Cibalonza alishukuru? Alichukua jembe, akapita mbele ya meza yao bila kuangalia mutu, akaanza kulima na nguo zake za misa. Komanda akamuita aje aondoe sahani. Yeye akapiga jembe. Komanda akamuita tena. Wageni walitoka na njaa yao, bugali umepoa mezani, naye angali anavunja udongo.