Fundi Cherehani Aketi Darasa la Tano

Fundi cherehani huyu alikuwa mtu wa soni; hata akimpima mteja kiuno hutazama ukutani. Ndiyo maana suruali nyingi alizoshona zilivaliwa kwa mkanda. Mwalimu wa bintiye alipomwita shuleni, alikwenda amejibanza kandokando ya ukuta kama mjusi.

"Binti yako hafungui mdomo wala daftari," mwalimu akamwambia. "Muhula ukiisha hivi, namrudisha la nne."

Nyumbani fundi akabembeleza, akakaripia, akaahidi gauni la mifuko sita. Binti, ambaye majirani walimwita Bibi Kesho kwa kuahirisha kila kazi, akajinyoosha juu ya rundo la vitambaa.

"Shule inachosha, baba. Si uende wewe?"

"Nitakwenda," fundi akasema, akashtuka kujisikia.

Asubuhi akaketi dawati moja na bintiye, magoti yamekwama chini ya ubao wa dawati, utepe wa kupimia shingoni, jasho likimtiririka.

"Robo tatu ya mita ni sentimita ngapi?" mwalimu akauliza. "Mwanafunzi mpya!"

Fundi akasimama. Dawati nalo likasimama.

"Inategemea, mwalimu," akanong'ona. "Kitambaa kinasinyaa?"

"Hakisinyai."

"Basi ongeza ya pindo. Themanini."

"Na mteja akishiba?" mtoto mmoja akadakia.

"Themanini na tano," fundi akajibu kwa moyo safi.

Darasa likaangua kicheko, mbavu hawana. Bibi Kesho, aliyejificha nyuma ya daftari, uvumilivu ukamwishia.

"Sabini na tano, baba! Mia gawa kwa nne, mara tatu! Unanitia aibu!"

Mwalimu akaduwaa. Muhula mzima hajaisikia sauti hiyo. "Na robo tatu ya mita nne?"

"Mia tatu! Mwambie akae!"

Jioni binti akamkalia baba kooni. "Kesho usije."

"Kesho ni jiografia, mwanangu. Mimi hata mvua sijui inatoka wapi."

"Nitakufundisha mimi! Kila siku nikirudi."

Alfajiri fundi akaamka, binti keshaondoka, na suruali zote, zake na za wateja watatu, zimefungiwa kabatini. Akashona mchana kutwa amejifunga shuka, kila mteja akimwambia, "Pole, fundi, unaumwa?"

Saa tisa binti akarejea, ufunguo mkononi, akamuuliza maswali matatu ya mvua. Fundi akakosa mawili. Suruali ikasubiri hadi siku ya pili.

Muhula ulipoisha, Bibi Kesho alipanda darasa la sita. Fundi, kwa maksi za mwalimu wake mdogo, alirudia la tano.