Tulivyoshuka Wampembe na Breki za Fundi Deusi

"Dada, breki hakuna!"

Kamili alisema hivyo mara moja tu. Mguu wake umezama mpaka chini, pedali imelala, na Landrova yetu inateremka mlima wa Wampembe na magunia mgongoni. Kushoto kwangu korongo, sioni mwisho wake. Kulia kwake ukuta wa udongo na mawe. Alivuta handbreki, gari likakataa. Akakata usukani kulia, kwenye ukuta, upande aliokaa yeye. Mimi nilitoka na jino moja pungufu. Yeye mguu wake ulibanwa kwenye mabati, na jua lilikuwa la saa sita.

Nimesikia yanayosemwa hapa mjini Sumbawanga. Ndiyo maana naandika, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne. Nawasimulia safari ilivyokwenda, halafu mseme wenyewe ni nani aliyetuangusha.

Binti yangu Yustina, aliyeolewa Wampembe, alijifungua. Kwetu mzazi hapelekewi maneno matupu, anapelekewa ulezi wa uji. Nikasema nitaupeleka mwenyewe, na mahindi juu yake. Gari ninalo, la marehemu mume wangu, lina umri mkubwa kuliko Yustina. Dereva ni mdogo wangu Kamili, anazijua barabara zile tangu hana ndevu.

Tatizo breki. Zilikuwa za dramu, zile za zamani, magurudumu yote manne. Zikilowa kwenye dimbwi, gari linavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Kamili akagoma. "Dada, mlima ule siteremki na dramu hizi. Tufunge diski mbele." Nikakubali. Diski na pedi zake tulizipata kwenye gari lililokufa. Mafuta ya breki nilinunua dukani, chupa mbili, nikamkabidhi Deusi mkononi. Deusi ndiye fundi wa Milanzi, yule wa kofia ya sufu kiangazi na masika.

Ijumaa akafunga. Sitamsingizia, kazi ya chuma aliifanya vizuri. Mchana mimi nikaenda kushona magunia, sikusimama pale. Saa kumi akaniita: "Mama Yustina, njoo ukanyage mwenyewe." Nikakanyaga, pedali ngumu kama jiwe. Tukaenda mpaka Mollo na kurudi, barabara haina mlima wa maana, gari linasimama pale unapolitaka. Nikamwambia, "Fundi, Mungu akubariki." Nikilikumbuka neno hilo natema mate.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka. Baridi yetu mnaijua, nilivaa sweta mbili. Huku juu breki hukanyagi sana, unapunguza tu ukiona mbuzi. Mashamba kulia, mashamba kushoto, Kamili anaimba wimbo wa kwaya na kuukosea makusudi ili nimkemee.

Saa nne tukaacha lami. Saa tano na nusu barabara ikaanza kushuka. Ziwa unaliona pale chini, unadhani umefika, kumbe kona hazijaanza. Joto linapanda kila kona, nikavua sweta ya kwanza, nikavua ya pili. Kamili yuko gia ya pili, anakanyaga kidogo, anaachia, anakanyaga kidogo. Kona ya tatu akasema, "Mbona inakuwa laini?" Akapampu pedali harakaharaka, ikashika. Kona iliyofuata akapampu, haikushika. Yaliyobaki nimeshayasema.

Watu wa Wampembe ndio waliotutoa. Walipinda mabati kwa nondo, wakambeba Kamili kwa zamu mpaka zahanati. Kesho yake mzee Shabani, anayetengeneza injini za boti, akaniita kwenye gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nani aliwawekea mafuta ya breki?"

"Fundi wetu wa mjini."

"Hebu njoo unuse."

Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya vidole, akasugua. Povu. Sabuni ya unga, ileile ninayofulia.

"Haya ni maji," akasema. "Huko kwenu juu yatakaa hata mwaka. Mlimani diski ikipata moto yanachemka, yanakuwa mvuke. Na mvuke haukanyagiki, mama."

Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa akasimama. "Wafipa jamani! Hata breki mnafua?"

Nilicheka. Mpaka leo sijui kwa nini nilicheka.

Mjukuu nilimpakata saa moja tu. Ulezi wake ulimwagika mlimani, tuliokota nusu debe, lenye mchanga. Tukarudi kwa lori la samaki, Kamili amelala juu ya turubai, anauma kitambaa kila shimo. Sumbawanga wakamkata mguu chini ya goti.

Jumatano nikaenda gereji.

"Fundi, chupa ya pili ya mafuta iko wapi?"

"Niliipiga teke bahati mbaya wakati natoa upepo kwenye breki. Ikamwagika."

"Ukaweka nini?"

"Mama Yustina, usinikuzie mambo. Magari mangapi hapa mjini yana maji ya sabuni? Lori langu mwenyewe mwaka wa pili huu!"

"Linateremka mlima gani?"

Fundi mwenzake akakohoa.

"Ungesema unakwenda ziwani," akasema Deusi.

"Nilikuambia ulezi ni wa Wampembe, ukanitania nikuletee migebuka ya ziwani!"

Akaingiza kichwa chini ya boneti ya gari la watu.

Jumamosi, kwenye sala za jumuiya yetu, huyohuyo Deusi akasimama kutoa maombi. "Tuwaombee madereva wetu, wapunguze mwendo, wasishushe gari likiwa frii, bila gia. Ee Bwana." Na watu wakaitika, twakuomba utusikie! Ndipo habari ilipoenea kwamba kosa ni la Kamili. Askari waliokuja kupima ajali wakaandika uzembe wa dereva, hawakufungua hata hicho kikopo. Leseni ya Kamili wameishika. Sokoni wanasema alikuwa amelewa. Juzi akaniuliza, "Dada, au kweli nilikosea?" Mtu aliyetoa mguu wake ili mimi nisiende korongoni, ananiuliza mimi kama alikosea.

Nilichojifunza ni hiki: usiondoke wakati fundi anamimina, na gari ulijaribu kwenye mlima wa huko unakokwenda, si mbele ya gereji. Kosa langu la kuondoka nimelikiri mbele ya Kamili.

Sasa wewe, Deusi. Jumamosi hii jumuiya inasali nyumbani kwangu. Kamili atakuwa amekaa kitini mbele, utamwona. Simama, uwaambie watu walewale ulimimina nini kwenye breki zetu, kisha twende wote kwa hao walioandika uzembe, ukarudie maneno hayohayo. Usituombee. Jibu.