Mpini wa Herbert

Herbert alikunywa chai yake akiwa amesimama. Kila Jumamosi, jua liwe kali au ukungu uwe umeshuka kutoka msitu wa kreta mpaka mibuni haionekani, wenzake walikaa kwenye benchi refu mbele ya kibanda changu cha chai, naye alisimama pembeni ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ndiyo sheria waliyojiwekea wanaume wanaocheza gofu hapa kwenye shamba la kahawa, juu ya mji wa Karatu. Shimo la mwisho liko ng'ambo ya korongo, na ambaye mpira wake haujawahi kuvuka korongo hilo kwa pigo moja, hakai. Nani aliitunga sheria hiyo sijui. Nimewapikia chai miaka mingi na sijamwona hata mmoja akiionea haya.

Na Herbert alitaka kukaa. Usidhani ni mzaha. Ni mtu mzima, ana wajukuu, ana duka la vifaa karibu na stendi, ana nyumba ya bati jekundu, lakini kitu alichokitaka kuliko vyote ni nafasi ya makalio yake kwenye ubao ule, kati ya mameneja wa hoteli na wenye magari ya watalii. Mara moja nilimwekea ndoo aikalie. Aliisogeza kwa mguu, akanishukuru, akabaki amesimama.

Alikuja Karatu kutoka Machame akiwa kijana, akauza misumari chini kwenye turubai, akapanda mpaka akawa na duka. Mimi nanunua kwake, kwa hiyo namjua na hasira zake. Jembe huuzwa bila mpini, na wakulima wa Endabash wakija kununua, mpini huchaguliwa kwa utaratibu wake. Mama atausimamisha mmoja aone unamfikia wapi kifuani, atauzungusha kiganjani, atafumba jicho moja autazame kama umenyooka, ataurudisha, atachukua mwingine. Herbert huwa hana subira. "Mama, mpini ni mpini," humwambia. "Chukua huo uende, mvua haikungoji."

Mtu huyohuyo ndiye aliyekosa usingizi kwa ajili ya mipini ya fimbo zake za gofu.

Alianza na mipini ya chuma. Mpira ukazama korongoni. Akasikia kwamba mchezaji wa umri wake anahitaji mpini mwepesi wa kaboni, akaagiza kutoka Nairobi, mpira ukazama korongoni. Akaambiwa mpini laini unajikunja mno, atafute mgumu. Akatafuta. Ule mgumu ulimuumiza kiwiko, akawa anakuja na bandeji, na mpira ukazama vilevile. Safari moja alipita mwalimu wa gofu akiwa na wageni wake, Herbert akamng'ang'ania mpaka chai ya watu ikapoa. Yule mwalimu alimjibu kwa upole: ninyi mnaocheza Jumamosi kwa Jumamosi msijisumbue sana na mpini. Usiwe mzito kukushinda, usiwe mgumu kuliko nguvu zako, basi. Kilichobaki ni kujifunza kugeuza mwili. Herbert akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama mgumu wa kati ungemfaa.

Baba yangu kule Olbalbal alikata fimbo yake ya mzeituni pori akiwa bado morani, akaimenya, akaipaka mafuta ya kondoo, habari ikaishia hapo. Ng'ombe wake walipoteketea kwa ukame hakuilaumu fimbo. Lakini baba yangu hakuwa na rafiki aitwaye Kimaren.

Kimaren ni mzaliwa wa kijiji cha Piyaya, msomi, ana magari ya watalii na ulimi mtamu. Mpira wake ulivuka korongo siku ya kwanza tu, na tangu siku hiyo anakaa katikati ya benchi amepanua miguu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa Herbert ushauri: mwezi huu mpini mgumu, mwezi ujao laini, uso mkavu kabisa. Herbert akigeuka, benchi zima linaziba midomo.

Siku moja akamwambia, "Mzee Herbert, nina fundi wangu Arusha. Nipe hiyo fimbo kubwa nikubadilishie mpini. Anao wa kisasa, sijui hata nani mwingine anao hapa kwetu."

Herbert akampa kwa mikono miwili. Fimbo haikufika Arusha. Haikufika hata Rhotia. Kimaren aliiingiza kibandani kwangu, akaisimamisha nyuma ya gunia la sukari, akanikonyeza. "Yeyo, hujaona kitu." Ndivyo anavyoniita, yaani mama kwa lugha yetu. Baadaye akaja na stika nyekundu na raba mpya ya kushikia, akavibandika palepale mezani pangu huku akila maandazi. Mpini ulikuwa uleule.

Jumamosi iliyofuata Herbert aliipokea, akaitikisa hewani, akatabasamu. "Ahaa," akasema. "Hii nyepesi. Unaisikia kabisa." Benchi lilikohoa.

Akaenda kwenye shimo la mwisho. Nami nilitoka nje nikitazama, kwa sababu nilitaka kucheka na wenzangu. Akasimama bila ile minong'ono ya kujielekeza aliyokuwa nayo kila siku kabla ya kupiga, akageuza mwili taratibu, akapiga. Mpira ulipanda, ukapita juu ya korongo, ukaangukia majani ya ng'ambo, ukadunda mara mbili, ukatulia.

Hakuna aliyecheka. Herbert alikuja, akasimama mbele ya benchi kama anayesubiri kukaribishwa, mpaka meneja mmoja akasogea. Akakaa. Nikampa chai. Mimi nina roho ngumu, lakini siku ile nilifurahi, nikamwongezea sukari bila kuombwa. Akampigia simu mke wake, Flaviana. "Mama Eliapenda, Jumamosi ijayo uje," alisema. "Uje unione nilipokaa."

Flaviana alikuja kweli, kitenge kipya, viatu vya kanisani. Herbert alipangusa ubao kwa leso yake, akamkalisha kando yake, akaanza kumweleza habari za mpini mpya: unavyojikunja kidogo karibu na kichwa cha fimbo, unavyorudi kwa wakati. Angemalizia hapo, wote tungerudi nyumbani salama. Lakini Kimaren alikuwa amelibeba jambo lile wiki nzima na lilikuwa linamwasha.

"Shemeji," akamwambia Flaviana, "muulize mzee huo mpini umetoka wapi." Akanigeukia. "Yeyo, fimbo ya mzee ililala wapi?"

Nikajishughulisha na birika. Akajibu mwenyewe: ililala nyuma ya gunia la sukari. Akaitwaa fimbo, akaibandua stika kwa ukucha, na chini yake likatokea jina la zamani la mpini pamoja na ule mkwaruzo ambao Herbert alikuwa akiulalamikia tangu masika. Benchi likaangua kicheko. Wengine walijifuta machozi.

Flaviana peke yake hakucheka. Alimshika mumewe mkono. "Basi kumbe ni wewe," alimwambia. "Mpini ni uleule, mpira umevuka. Ni wewe mwenyewe, baba Eliapenda. Si ndiyo vizuri zaidi?"

Ilikuwa kweli tupu, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kumwambia Herbert neno zuri kuliko hilo. Alimtazama kana kwamba amemtukana.

"Tuone tena, mzee," akasema Kimaren.

Herbert akainuka. Mpira wa kwanza ukazama korongoni, na wa pili, na wa tatu ulikwenda kwenye mibuni. Minong'ono ilikuwa imerudi, na kiwiko kilikuwa juu, hata mimi mpika chai nilikiona. Aliporudi, nafasi yake ilikuwa wazi. Hakuna aliyemwambia asikae. Alishakaa kwa haki, sheria ni sheria. Alichukua kikombe chake, akasimama pembeni palepale pa zamani.

"Kaa basi," Flaviana akamsihi. "Dukani si unawaambia watu mpini ni mpini?"

Herbert aliweka kikombe chini, akaokota fimbo, akamwendea Kimaren na kumkabidhi kwa mikono miwili, mbele ya mke wake.

"Mpelekee yule fundi wako," alisema. "Safari hii abadilishe kweli."