Nyuzi za Jeraniamu

Ukitaka kumkosesha Fundi raha, mwoneshe nguo yenye uzi unaoning'inia. Mkono utakwenda wenyewe mfukoni kutafuta kimkasi, na hata kama wewe ni mgeni uliyekuja kutoa pole msibani, atakuomba radhi, atainama, atakata uzi huo kwenye pindo la gauni lako, ndipo mazungumzo yaendelee. Kwa miaka mingi alishonea watu katika chumba kimoja cha mbele kilichotazamana na kituo cha mafuta, na sifa yake mtaani ilikuwa hiyohiyo: geuza nguo yake ndani nje, uzi huoni. Macho yalipoanza kumgomea aliuza cherehani zote isipokuwa moja, akahamia kwa dada yake.

Dada mtu ni mkunga mstaafu, mjane, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume nao wakasukuma. Kichwa cha Fundi kimejaa mvi, lakini dada yake humwita Kijana mbele za watu, naye huitika bila kinyongo. Nyumba yake iko juu ya mteremko. Kutoka mlango wa jikoni ardhi inashuka, chini ya kivuli cha misonobari, hadi kwenye uzio wa jirani, dereva wa lori aliyestaafu. Zamani mteremko huo ulikuwa balaa tupu. Nyasi hazikuota, na kila mvua iliponyesha, tope lote lilihamia kwa dereva, na maneno ya dereva yakapanda kwa mkunga.

Mkunga akapanda jeraniamu. Msifikirie zile za kwenye vyungu, zinazobembelezwa madirishani na kufa kwa baridi ya kwanza. Hizi ni za kutandaa. Zinavumilia baridi, kivuli na ukame, zinadumu mwaka baada ya mwaka, na majani yake hubanana hata magugu yakakosa pa kutoa kichwa. Alizipanda kipande kwa kipande, amepiga magoti juu ya gunia kuukuu, mpaka mteremko wote ukafunikwa na tope likakoma. Kila zilipochanua alikuwa akishuka na kikombe chake cha chai, akasimama katikati ya maua na kuyafikicha majani ili anuse ile harufu yake kali ya dawa. Watoto hakujaliwa. Fundi aliwahi kumtania kwamba jeraniamu ndizo watoto wake, na dada yake hakucheka, kwa hiyo utani huo haukurudiwa.

Basi alipoteleza kwenye ngazi za jikoni akavunjika nyonga, maneno yake ya mwisho kabla ya kupakiwa kwenye gari la wagonjwa hayakuhusu nyonga.

"Kijana, maua yameisha. Kata majani yote, mashina ya maua yote, mpaka chini. Zitachipua upya. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

"Usiniharibie."

"Mimi? Nakata vitu maisha yangu yote!"

Kesho yake akashuka na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Alifanya kazi safi, lazima tuseme ukweli. Alikata majani na mashina kwa kimo kimoja kutoka juu hadi chini, na mteremko ukabaki kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Lakini majani yalipoondoka akaona kitu kilichomsumbua. Juu ya udongo, kila mahali, vilikuwa vimelala vijiti vya kahawia, vinene kama kidole, vimepindana, vingine vimejitokeza pembeni bila mpango. Akavitazama. Akaenda kunywa maji. Akarudi akavitazama tena. Hakuna aliyemwambia aviguse, lakini kwa macho ya Fundi, hiyo ilikuwa nguo iliyotolewa dukani kabla haijamaliziwa. Akavikata vyote. Alivifuata kimoja kimoja kama anavyofuata nyuzi kwenye mshono, akavikata hapohapo vinapoingia udongoni, akavikusanya kwenye karai na kuvitupa kwenye lundo la takataka kando ya uzio. Alipomaliza, mgongo ulikuwa unamuuma na moyo umejaa sifa. Alitamani dada yake angeuona usafi ule.

Siku ya kwenda kumwona hospitali alikuta wodi imechangamka. Dada yake alikuwa amemkamata mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja mwenye mkono kwenye plasta, na alikuwa anamfundisha bustani kwa lazima.

"Majani ukate tu, wala usiogope," alikuwa akisema. "Lakini kuna vijiti vinavyolala juu ya udongo. Hivyo usivichezee. Chipukizi hutoka kwenye hivyo vijiti. Ukivikata ndiyo umeua."

"Makubwa," akasema mama wa plasta.

Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli na mfuko wa machungwa mapajani. Kwa muda hakujua yuko wodini au mteremkoni.

"Na kikikatika kwa bahati mbaya?" akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kikikatika, kichomeke udongoni kingali kibichi, mpaka shingoni, kitashika. Kikikauka, basi tena." Dada yake akamgeukia. "Kwani kuna kilichokatika?"

"Hapana! Nauliza tu."

"Umezikata?"

"Nimezikata, Dada. Ziko vizuri kabisa."

Uongo ule aliutoa haraka kuliko alivyokuwa akitoa chenji. Akaweka machungwa mezani, akasema ana haraka, wala hakuuliza habari za mguu uliomlaza dada yake hospitali.

Alikaribia nyumbani akaona moshi. Dereva alikuwa upande wa pili wa uzio na reki mkononi, uso umejaa wema wa mtu anayejitolea. Alikuwa na ugonjwa wa kuchoma takataka. Hakuweza kuona lundo la majani makavu akalala nalo.

"Jirani! Nimeona unalemewa na uchafu, nikasema nikusaidie."

"Zima!" Fundi akapiga kelele. "Zima, nakuomba! Maji! Leta maji!"

Dereva hakuwahi kumsikia Fundi akipaza sauti tangu wafahamiane, kwa hiyo alizima kwanza akauliza baadaye. Wakalifumua lundo kwa mikono. Upande mmoja ulikuwa majivu. Vijiti vya juu vilikuwa vimekauka, vikivunjika mkononi kwa mlio. Chini kabisa, kwenye unyevu, ndiko walikokuta vilivyokuwa bado na uhai, vina ngozi nyororo na kijani kidogo kwenye ncha. Fundi akaviweka kwenye shati lake alilolivua hapohapo, na dereva, aliyeelewa sasa kilichotokea, alikuna kichwa na kusema kwamba yeye hayumo, mkunga akiuliza yeye hayumo kabisa.

Vilivyopona havikutosha nusu ya mteremko. Fundi akavichomeka. Alitoboa udongo kwa mti, akakizamisha kila kijiti hadi shingoni, akakandamiza kwa kidole gumba, na kati ya kimoja na kingine alipima kwa utepe, kwa sababu hata katika hofu mtu hufanya anachokijua. Vilikaa kwa mistari, mfano wa vifungo vya koti. Akamwagilia. Kisha akakaa kwenye ngazi za jikoni, zilezile zilizomwangusha dada yake, na hofu ikaja ikakaa naye.

Niwaambie hofu ya mtu mpole ilivyo. Haipigi kelele, lakini haimwachi atulie. Kila asubuhi alishuka kutazama. Vijani vidogo vilivyobaki kwenye ncha vililegea, vikaanguka. Akaona vijiti vimekufa. Akang'oa kimoja kutazama kama kina mizizi, hakina. Akakirudisha. Mchana akang'oa kingine. Jioni kingine. Vingine alivirudia vilevile, na siku moja alikuta kwenye kimoja unywele mweupe wa mzizi, akafurahi mno, kisha akaona ameukata kwa kuung'oa, akashika tama palepale chini.

Dereva alikuwa anamtazama kutoka ng'ambo ya uzio.

"Jirani, hivi wewe ulikuwa unashona kweli? Kila siku unafumua, nguo itaisha lini?"

"Nitajuaje kama vimeshika?"

"Utajua vikishika. Mikono mfukoni, bwana."

Akajaribu kuweka mikono mfukoni. Humo akakikuta kimkasi, akakitoa akaenda kukiweka juu ya kabati, asije akakitumia tena.

Hospitalini mambo yalizidi kuwa magumu. Dada yake hakusubiri hata salamu iishe.

"Zimechipua?"

"Zinaanza."

"Zinaanza vipi? Pale juu karibu na ngazi, au chini?"

"Kote, Dada. Kote kidogokidogo."

"Mbona hunitazami?"

"Jua linaingia dirishani."

Akawa anafupisha ziara zake. Alifika mwisho wa muda wa kutazama wagonjwa, akasimama mguu nje mguu ndani, akaweka matunda, akasingizia foleni. Siku moja alimkuta daktari amesimama kando ya kitanda anazungumza na dada yake kwa sauti ya chini, na dada yake anaitikia kwa kichwa, kitu asichozoea kukifanya. Fundi alishukuru kimoyomoyo. Daktari akiwepo, hataulizwa kuhusu jeraniamu. Akaacha matunda kwa nesi akaondoka.

Kisha mawingu yakaanza kukusanyika, na wingu la kwanza tu likamkosesha usingizi. Mteremko ulikuwa uchi. Mvua kubwa ikija, vijiti vyote vitateremka kwa dereva pamoja na tope, na dada yake atarudi kukuta kilima cha udongo mwekundu. Akatandika magunia juu ya sehemu tupu, akayapigilia kwa vigingi, akayashona pembe kwa pembe kwa sindano ya magodoro ili upepo usiyafunue. Mvua ilipokuja alisimama dirishani tangu ilipoanza hadi ilipoisha, mkono mdomoni. Magunia yalishika. Hakushuka kutazama chochote. Aliogopa.

Dada yake aliruhusiwa kutoka wakati Fundi, kama angeulizwa, angeomba mwezi mwingine. Alishushwa na gari mbele ya nyumba akiwa na kifaa cha kutembelea, chuma cha miguu minne, na uso uliopungua. Fundi alitaka kumpeleka moja kwa moja kitandani.

"Kitanda nimekilalia mpaka kimenichukia," akasema. "Nipeleke mlango wa jikoni."

"Dada, pumzika kwanza."

"Kijana."

Akampeleka. Safari ya kutoka sebuleni hadi jikoni ilikuwa ndefu, na njiani Fundi alijitayarishia maneno mara nyingi, na alipofungua mlango yote yakamtoroka.

"Nilikata vijiti," akasema. "Vile vya juu ya udongo. Vyote. Nilidhani ni uchafu tu, umejitokeza. Nikakudanganya. Vingine viliungua. Nilivyovipata nimevichomeka, na sijui kama vimeshika. Dada, nisamehe, nimekuharibia."

Dada yake aliutazama mteremko: magunia yaliyoshonwa, udongo, mistari ya vishina.

"Mzee mzima," akasema. "Mzee mzima na akili zako! Nani alikutuma? Nilisema majani. Nilitamka vijiti mimi?"

"Hukutamka."

"Na umevipanga kama askari wa gwaride."

"Nilipima, Dada."

"Nimeona umepima!" Akashusha pumzi. "Kilete kiti. Kiweke hapa ngazini, hapa mwisho."

Akashuka akimwegemea Fundi, akakaa, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akanyoosha mkono akakifikia kijiti cha mstari wa juu. Fundi alitaka kupiga kelele asiking'oe. Dada yake alikishika kwa vidole viwili, akakivuta polepole. Udongo ukainuka kidogo kuzunguka shingo ya kijiti, lakini kijiti hakikutoka. Akavuta tena. Hakikutoka. Kwenye ncha palikuwa na jani moja lililokunjwa, dogo kuliko ukucha.

"Kimeshika," akasema.

Fundi akakaa chini kwenye ngazi. Machozi yakamtoka bila haya, akayaacha yatoke. Wiki zote zile, woga wote ule, na sasa kijiti kimeshika! Alicheka huku analia.

"Nitajaza sehemu tupu," akasema. "Hivi vikikua nitavipunguza, nichomeke kule chini. Utanionesha. Tutashuka wote, nitakushika mkono, utakuwa unanielekeza."

"Wewe utashuka," akasema dada yake.

"Tutashuka, Dada. Ukipata nafuu."

"Mimi sishuki tena pale. Daktari ameshaniambia. Mfupa haukuunga vizuri, na mahali penye mteremko nisitie mguu tena. Hizi ngazi ndizo mwisho wangu."

Fundi akamgeukia. "Alikwambia lini?"

"Zamani. Siku ile ulimkuta kando ya kitanda changu ukaacha matunda kwa nesi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize." Alikuwa bado amekishika kile kijiti kwa vidole, hakivuti, amekishika tu. "Siku zote ulizokuja, Kijana, hata mara moja hukuniuliza mguu wangu unaendeleaje."

Fundi alitaka kusema kwamba hofu yote ile ilikuwa kwa ajili ya dada yake, na ilikuwa kweli, lakini aliona jinsi ambavyo isingesaidia kitu kuisema. Aliona haya kuliko alivyoona haya kwa jeraniamu. Akasogea akakaa ngazi iliyo karibu na miguu yake, na akaiangalia kwa mara ya kwanza: mmoja umevimba kwenye kifundo, ndala haiingii vizuri, kisigino kiko nje.

"Unauma?" akauliza.

"Unauma," akasema dada yake. "Unauma sana."