Gauni Lililorudi Kutoka Ulaya

Beldina wa mtaa wa Manyatta hushona nguo mpya, na kazi kubwa zaidi huwa ni kuhakikisha hakuna mtu atakayejua kwamba ni mpya. Mafundi wengine wa Kisumu hujitahidi nguo ing'ae. Yeye akimaliza gauni hulifua mara tatu, huliacha kwenye jua la saa sita mpaka rangi ichoke kidogo, hulitumbukiza kwenye chai ya rangi isiyo na sukari, kisha hulifungia wiki nzima ndani ya sanduku la bati pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu. Likitoka humo linanukia kama chumba cha kulala cha nyanya yako. Wateja wake wengi ni wasichana wa ofisini wanaotaka kuvaa kama wakongwe wao walivyovaa miaka ya sitini na sabini, na nimewaona kwa macho yangu wakilinusa gauni kwanza kabla ya kulijaribu.

Kazi yote huifanya nyumbani, kwenye chumba cha mbele, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Kitambaa huchimbua sokoni Kibuye, kwenye marundo ya mashuka na mapazia ya mitumba ambayo watu wenye akili timamu huyaruka. Hushona pia kofia, mikoba yenye vishikio vya mbao, na mikanda iliyofunikwa kwa kitambaa kilekile cha gauni. Mumewe Calvince ni fundi wa friji, lakini Beldina alimshonea suti ya mtindo wa mwaka wa sitini na tano, yenye kola pana, na tangu siku hiyo watu wa stejini humwita Mheshimiwa. Mara mbili ameletewa fomu za basari ya karo atie sahihi. Ile ya kwanza alikataa. Ya pili alichoka kueleza, akatia, na mpaka leo hakuna ajuaye ilikuwaje, ila mtoto wa fomu hiyo yuko shuleni anasoma.

Sasa Beldina alikuwa na donda moja moyoni. Kila alipofaulu, hakuna aliyemwambia, "Umeshona." Walimwambia, "Umeitoa wapi?" Yeye alitabasamu, lakini jambo hilo lilimuuma sana, kwa sababu hakuna binadamu anayekesha na sindano ili sifa zipewe mtumba. Basi alijitungia dawa yake. Ndani ya pindo la kila nguo, mahali pasipochungulika, alitia msalaba mdogo wa uzi mwekundu. Hapo ndipo jina lake lilipokaa.

Alikuwa pia na sheria: hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake kabla ya kukaguliwa na mama mkongwe aliyevaa ya namna hiyo enzi zake. Sheria hii ndiyo iliyomponza.

Mwaka jana alijiwa na Winny, karani wa benki, aliyekuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kanisani kwao Awasi. Winny alikuja na picha ya studio ya mwaka wa sabini na moja. Ndani yake alisimama nyanya yake Dorca, Dani Dorca kama Wajaluo wamwitavyo nyanya, kiuno chembamba, mkono mmoja juu ya kiti, ndani ya gauni la madoa meupe. Picha haikuwa na rangi, lakini rangi ilijulikana na ukoo mzima: kijani cha majani ya kunde. Ilijulikana kwa sababu gauni hilo lilikuwa limeibwa.

Habari yenyewe ni hivi. Dani Dorca alikuwa mke wa kwanza wa marehemu Okello, na Dani Seline wa pili. Wiki ya Pasaka mwaka wa sabini na nne, Dorca alianika gauni lake kwenye ua wa miti, akaenda mtoni, akarudi, ua u mtupu. Alisema ni Seline. Seline akasema si yeye. Tangu hapo hawakusemezana tena, miaka hamsini, nyumba mbili boma moja, hatua thelathini kutoka mlango hadi mlango. Mbuzi wa mmoja wakiingia kwenye mahindi ya mwenzake, Dorca alimpigia simu mwanawe Nakuru, mwana akampigia mtoto wa Seline kule Busia, naye akampigia mamake. Kufikia hapo mbuzi walikuwa wameshiba na kuondoka.

Beldina alilishona lile gauni kama mtu anayeshindana na Mungu. Alitumia shuka la kijani lenye madoa, akatoa kola yenye ncha mbili, akafunika mkanda kwa kitambaa, akalitesa kwa jua na chai na sanduku. Jumanne ya wiki ya harusi alilibeba mpaka Awasi ili Dani Dorca alikague.

Na hapa ndipo alipokosea. Angebisha hodi, aseme yeye ni fundi, aseme kilichomleta. Lakini alitaka kuiona sura ya yule mama kwanza, kabla ya maneno. Kiburi cha fundi ni kitu kibaya. Aliingia, akasalimia, akalilaza gauni mapajani mwa Dani Dorca bila kusema neno.

Dani alilitazama. Akalipapasa. Akaliinua puani, akavuta pumzi ndefu.

"Nyasaye wangu," alimwita Mungu wake. "Imerudi."

"Hapana, Dani, hii ni mimi nime..."

"Imerudi! Nguo yangu! Hata harufu ni ya sanduku yangu!"

Kwa muda wa pumzi mbili Beldina alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote kandokando ya ziwa. Pumzi ya tatu, Dani Dorca, mwenye miaka themanini na minne na magoti yasiyokunjika, aliruka kutoka kitini, akaliingiza gauni sandukuni, akafunga kufuli, akatia ufunguo kifuani na kuchukua simu. Akapigia boma zima.

Muda si muda nyumba ilijaa. Kiti cha mbele alikalia Mwalimu Robinson, shemeji yake Dani, aliyestaafu ualimu zamani lakini hakustaafu kalamu nyekundu. Alifungua daftari.

"Wewe mama, ulipata hii nguo wapi?"

"Nilishona, Mwalimu. Ni ya Winny ya harusi. Ona, hata vipande vilibaki." Akatoa mabaki ya kitambaa mkobani.

Mwalimu aliyageuza geuza. "Kwa hivyo umekata hii nguo ya watu," akasema, akaandika.

Beldina akatoa simu, akawaonyesha picha za lile shuka likiwa bado shuka. Simu ilizunguka chumba kizima.

"Simu ya siku hizi inaweza kuonyesha hata mimi nimekaa kwa mwezi," alisema Dani Dorca. "Nguo yangu naijua. Niliivaa kwa ngozi hii."

Beldina alihisi machozi yanakuja. Jumamosi ilikuwa inakaribia, bibi harusi hana nguo, na yeye anahojiwa kama mwizi kwa kosa la kuijua kazi yake. Ndipo akakumbuka msalaba mwekundu.

"Dani, ifungue hiyo sanduku," alisema. "Ndani ya pindo kuna alama yangu. Nitafungua hapa mbele ya watu wote, muone. Kama hakuna, mniite polisi."

Dani akafungua, kwa shingo upande, akalitoa gauni lakini hakuliachia. Beldina alipiga magoti, akatoa mkasi, akatafuta mahali.

"Nimesikia imeonekana," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Dani Seline, kikongwe mdogo, mkongojo mkononi. Hakuwa amekifikia kizingiti kile kwa nusu karne. Watu walisogea kama kuku wanaopisha gari.

Dani Dorca alimtazama.

"Nyieka," alisema. Ndivyo mke anavyomwita mke mwenzake kwa Kijaluo, na wajukuu waliokuwepo hawakuwa wamewahi kumsikia akilitamka. "Ingia. Nguo ilikuwa Manyatta, na huyu. Miaka hii yote nimekuita mwizi."

"Hamsini," alisema Seline.

"Hamsini. Nisamehe, yawa."

Seline alikaa kwenye mkeka akalia kwa sauti, mikono kichwani. Dorca akashuka chini na magoti yake yasiyokunjika, akamshika, akalia naye. Mwalimu Robinson alivua miwani akaifuta, na ilikuwa haina vumbi.

Beldina alibaki pale chini na mkasi wake. Vidole viwili tu vya kitambaa vilimtenga na ule uzi mwekundu. Akikata, Awasi nzima itajua kuna mwanamke Manyatta anayeshona mpaka mwenye nguo anadanganyika. Akikata, pia, Seline atarudi kuwa mwizi kabla machozi hayajakauka. Alitaka kukata. Nisimsingizie utakatifu, alitaka sana, mkono ulimwasha. Halafu akaurudisha mkasi mkobani.

"Sasa hiyo alama iko wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Hakuna alama, Mwalimu."

"Basi sema ukweli. Uliitoa wapi?"

"Kibuye," alisema Beldina. "Nilinunua kwa mitumba. Sio mimi nilishona."

Maneno matatu yale ya mwisho aliyasema akiutazama mkasi ndani ya mkoba.

Mwalimu Robinson aliiweka kalamu chini, akafikiri kwa kina. "Mitumba inatoka Ulaya," alisema polepole. "Kwa hivyo nguo ilienda Ulaya. Nani alitoka hapa akaenda Ulaya mwaka huo?"

"Yule mzungu wa kutengeneza barabara!" mtu alidakia. "Si alikuwa na bibi mwembamba?"

"Mwembamba kabisa!" Dani Dorca alipiga paja. "Na alikuwa anapita hapa akiangalia ua yangu! Mimi nilifikiri anapenda maua!"

Basi ikakubalika, ikaandikwa kwa wino mwekundu pamoja na tarehe, kwamba gauni la Dorca liliibwa na mke wa mzungu wa barabara, likaishi Ulaya miaka hamsini, likazeeka huko, likatupwa kwenye mtumba, likapanda meli na kurudi nyumbani lenyewe. Beldina aliombewa, akapewa chai na mayai. Alipouliza kwa upole kama Winny angeweza kuliazima Jumamosi, Dani alicheka.

"Nguo imetembea mpaka Ulaya ikarudi! Haiendi mahali tena. Hiyo ni ya kunizika."

Dani Seline ndiye aliyemsindikiza mgeni. Walipofika mlangoni kwake alimvuta ndani, akafunga mlango.

"Hiyo yako ni safi kushinda yenyewe," alisema.

"Yenyewe gani, Dani?"

Seline alichukua mto wa kitanda chake, akapasua mshono kwa kisu cha jikoni. Kutoka katikati ya sufi akavuta kitu cha kijani, kimekunjamana, cha madoa meupe.

"Nilitaka tu kujaribu," alisema. "Ile dakika moja akiwa mtoni. Nikasikia amerudi anapiga nduru, watu wanakuja, nikaogopa. Nikasema nitarudisha kesho." Akakaa kitandani. "Hiyo kesho imekuwa ngumu, nyathina, mtoto wangu. Na haikunitosha hata. Leo nikiingia nikaona mkanda ya ile yako, vifungo mbili. Yenyewe iko na tatu. Nililia ni aibu, watu wakasema ni furaha."

Beldina alimkasirikia yule kikongwe na kumhurumia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Seline alimshika mkono, akaugeuza, akavitazama vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. "Mwanangu," alisema, "umeshona."

Ndiyo hiyo. Neno alilolingoja maisha yake yote, na amepewa na mwizi, nyuma ya mlango uliofungwa.

Siku tatu zilizobaki Beldina alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya: kulifanya gauni kuukuu, lile alilopewa na Seline, lionekane jipya. Alilifua likatoa nusu karne ya usingizi, akalitia wanga, akalipiga pasi mpaka likasimama, akabadilisha zipu. Winny, ambaye aliambiwa tu kwamba la kwanza limechukuliwa na nyanya yake, lilimkaa kama alizaliwa nalo. Beldina alishika uzi mwekundu, akalitazama pindo, akaurudisha uzi kwenye kopo.

Jumamosi watu walimshangilia. "Fundi, umeshona!" Wanawake walimpigia vigelegele, wakachukua namba yake, wakamshika mabega. "Siku tatu tu! Umeshona kweli kweli!" Alisema asante, asante, kwa kila mshono ambao hakuushona.

Dani Dorca na Dani Seline walikaa benchi moja, soda moja, mirija miwili. Dorca alimwita Winny karibu, akaikagua kola, akakagua mkanda, akahesabu vifungo, akanusa. Kisha akamwita fundi.

"Umejaribu, mama," alisema kwa huruma. "Lakini mimi siwezi kudanganyika. Ukiangalia tu unajua hii ni ya juzi. Hata vifungo umekosea, umeweka tatu. Yangu ni mbili."

Soda ilimpalia Dani Seline. Dorca alimpiga piga mgongo taratibu, bila kumwacha, mpaka kikohozi kikaisha.

"Asante, Dani," alisema Beldina. "Nitaendelea kujifunza."